Bahasha za Vipande Vilivyokataliwa

Ijumaa nilipomkabidhi Muthoni ufunguo wa chumba cha majaribio, alifungua kabati lililo chini ya mashine ya kutobolea akakuta bahasha. Zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia, kila moja na tarehe yake, namba ya kazi, na vipande vya utando wa plastiki, vingi vikiwa havijawahi kuguswa na sindano. Aliniuliza, kwa adabu yake ya Nyeri, kama angeweza kuzitupa ili apate pa kuweka karatasi za printa. "Auntie, hizi si ni takataka tu?" Nilimjibu kwamba nitamwandikia. Nadhani alitarajia sentensi mbili.

Maelezo ya mashine yamo katika jalada la bluu, kwa Kiingereza, pamoja na ratiba ya ukaguzi wa vipimo na simu ya fundi wa kuitwa mashine inapogoma. Sitayarudia. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa sasa mmefika watatu humo ndani mnaokisoma, jambo ambalo sikuliwazia siku nilipoingia peke yangu. Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili, na vyote viliniongezea mikutano.

Nilikuja Sydney kutoka Morogoro kusomea shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu tando nyembamba za plastiki, zile za mifuko na vifungashio, na nguvu inayohitajika kuzitoboa. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unakata kipande cha mviringo, unakibana kati ya bangili mbili za chuma mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma, kisha sindano butu yenye ncha ya duara inakishukia kwa mwendo usiobadilika mpaka kitoboke. Mashine inaandika nguvu iliyotumika na umbali ambao utando ulivutika kabla ya kushindwa. Halafu unarudia kwa kipande kingine. Mtu makini anaweza kujifunza hayo kabla ya chakula cha mchana. Kuyaamini majibu anayoyapata ndiko kunakochukua miaka.

Mimi sikufika huko. Nikiwa nimebakiza sura moja ya tasnifu, msimamizi wangu aliniomba nirudie seti moja ya vipimo, kwa kujiridhisha tu. Nikarudia, majibu hayakufanana na ya kwanza. Nikarudia tena, yakawa tofauti na yote mawili. Baadaye iligundulika kwamba chumba kile kilikuwa na sindano mbili zinazofanana kwa macho, moja ikiwa imelika ncha kidogo, na kwamba sikuwa nimeandika popote ni ipi niliyoitumia siku gani. Kazi ya zaidi ya mwaka ikawa rundo la namba zisizo na wazazi. Hakuna aliyenigombeza, na ningeona afadhali kugombezwa. Nikaanza kurudi kukagua kama nimefunga mlango, mara tatu, kisha najiuliza kama ile mara ya tatu niliihesabu sawasawa. Nikaomba likizo ya masomo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za chuo, nadhani likizo hiyo bado inaendelea.

Kazi ya maabara hii ya Granville, magharibi mwa Sydney, niliichukua kwa wiki sita, nipate kodi ya chumba huku nikijipanga. Mnapajua mahali penyewe: kushoto wanakata vigae, kulia wanabadilisha mabomba ya moshi ya magari, na katikati sisi, ambao tunahitaji chumba kisichotikisika chenye joto lisilopanda wala kushuka. Mtu aliyechagua jengo lile alikuwa na imani kubwa na kuta.

Aliyenipokea ni Bi Lan, mama wa Kivietinamu aliyeishi Cabramatta, fundi mkuu wa maabara, mfupi, mwenye kikuzio, kioo cha kukuzia vitu vidogo, kilichoning'inia shingoni mwake kama msalaba. Hakuniuliza habari za chuo. Alinipa roli la utando wa jikoni, ule wa kufunikia bakuli, akaniambia nikate kipande kimoja. Nikakata. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Umegusa katikati."

"Nimegusa kidogo tu."

"Mafuta ya kidole hayajui kidogo. Kata kingine."

Nilikata vipande mpaka saa ya kula, na baada ya kula nikaendelea. Ilipokaribia saa kumi jioni akaniruhusu kupima kimoja. Sindano ikashuka, utando ukalia tap, nikamsomea namba pamoja na desimali zake zote, nikiwa na furaha ya mtoto aliyefunga kamba za viatu mwenyewe.

"Sikuuliza mashine imepata ngapi," Bi Lan akasema. "Nimeuliza tundu likoje."

Hakuwa ameuliza lolote, lakini huo ulikuwa mtindo wake. Kipande nilikuwa nimekwisha kukitupa. Akainama, akakiokota kutoka kwenye pipa, akakiweka mezani mbele yangu na kwenda kuvaa koti lake.

Hilo ndilo fundisho la kwanza, na naliweka juu ya yote yaliyomo katika jalada la bluu: tazama tundu kabla ya namba. Tundu lenye umbo la nyota linasema utando ulikuwa mgumu na mkavu. Lenye kidole kirefu kilichovutika linasema ulikuwa laini na ulipigana. Likianzia ukingoni mwa bangili, hukupima utando, umepima jinsi unavyokaza skrubu. Sikilizeni pia mlio. Siku Bi Lan alipokuwa na mafua na masikio yameziba, hakuigusa mashine. Alikaa akapanga mafaili. La kutazama ncha ya sindano kila asubuhi kwa kikuzio, na kuandika ni sindano ipi, hakuhitaji kunifundisha. Ada ya somo hilo nilikuwa nimekwisha kuilipa mahali pengine.

Wiki sita zikawa miezi sita, nami nikaacha kuhesabu, jambo ambalo kwangu lilikuwa dalili ya afya. Tulipima mifuko ya mchele, vifungashio vya bandeji, matandazo ya mashambani. Mteja mmoja wa vijijini alilalamika kwamba utando anaofungia majani ya ng'ombe unatobolewa na kasuku weupe, wale wenye kishungi, akataka tupime kwa sindano yenye umbo la mdomo wa kasuku. Bi Lan alimwandikia kwa heshima kumwomba alete kasuku mmoja ili tuchukue vipimo. Hakuleta. Hadi leo nasikitika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuchora mchoro.

Sasa nifike kwenye bahasha.

Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Baada ya yale ya chuoni, kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni namba zilizotawanyika. Vipande kumi vya utando uleule vilipaswa kunipa namba kumi zinazokaribiana. Moja ikichomoza pembeni, nilizisoma zote upya. Utaratibu rasmi wa upimaji, kwa bahati mbaya, ulikuwa upande wangu. Ulisema kipande chenye mkwaruzo, kiputo au mkunjo kisipimwe. Bi Lan naye alivikataa, kimoja hapa, kimoja pale, kwa kusitasita. Mimi nilivikataa kwa bidii. Nilivigeuza kwenye mwanga, nikavitafutia sababu, na vilivyokosa uzuri vikaenda kwenye pipa. Namba zangu zikawa nadhifu kupita za mtu yeyote. Graham, mwenye maabara, Mwaustralia mpole aliyependa wateja waondoke wakitabasamu, alisema grafu zangu zinaonekana kama zimechorwa kwa rula. Nilidhani ananisifu, naye alidhani hivyohivyo.

Katika mwaka wangu wa tisa, ghala moja la baridi linalofungasha samaki wazima waliogandishwa lilituletea mifuko. Walikuwa wamebadilisha mfuko, wakaanza kutumia mpya wenye utando mwembamba zaidi, na sasa katoni zilikuwa zikifika madukani zikivuja. Swali lao lilikuwa fupi: je, utando huu una nguvu inayotakiwa? Nikakata vipande, nikapima kumi. Namba zilikaa pamoja kama ndugu kwenye picha ya harusi, zote juu ya kiwango. Nikaandika kwamba utando ni mzima, nikatia sahihi. Kazi ya asubuhi moja.

Wiki chache baadaye, Jumapili mchana, nilikuwa katika ukumbi wa Granville tunaoukodi kwa ibada ya Kiswahili. Mnaujua. Wakongo ndio wengi, Wakenya wanafuata, sisi Watanzania twatosha meza moja. Wakongo waliniita Mama Dokta, kwa uvumi kwamba nilisomea udaktari wa plastiki. Kwa miaka miwili niliwasahihisha kwamba ilikuwa shahada ya pili, tena haikukamilika, nao walinijibu, "Sawa, Mama Dokta."

Baada ya ibada, watu wakiwa na chai na maandazi, Papa Furaha akanijia. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mpana wa mabega, ambaye ndani ya ukumbi wenye joto hakuvua kofia ya sufu, kwa kuwa alifanya kazi kwenye baridi na alisema baridi ile haitoki kichwani Jumapili. Alikuwa na barua.

"Mama Dokta, weye unajuaka Kizungu cha makaratasi. Nisomee hii. Furaha, mutoto wangu, alinisomea haraka-haraka, akanijibu na Kizungu chake ya kwamba iko mbaya, akaingia chumbani."

Nikasoma. Ilikuwa barua ya onyo la pili. Ilisema kwamba katoni zinazopita mikononi mwake zinafika zikiwa na mifuko iliyotoboka. Kwamba sababu ni ushikaji wa kizembe, kwa kuwa mfuko umechunguzwa na maabara huru na kuonekana mzima. Kwamba anaitwa kikaoni Alhamisi, na asipokuwa na maelezo ya kuridhisha, ajira yake ingekoma. Nilimfasiria neno kwa neno. Aliitikia kwa kichwa kila nilipomaliza sentensi, kama mtu anayepokea mizigo ya kushusha.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Miaka kumi na moja hii mikono haikutoboa mufuko. Wakaleta mufuko mupya, ndipo mikono iliharibika?"

Nyuma ya barua palikuwa na ukurasa wa pili, nakala ya ripoti. Niliitambua kabla ya kuisoma, kwa namna grafu ilivyonyooka.

"Na hii ya nyuma?" akauliza. "Huyu mutu alisaini, ameshawahi kuona samaki? Ao anaonaka samaki kwenye sahani tu?"

Wazee wawili waliokuwa karibu na birika wakacheka. Nilikuwa na nafasi ya kucheka nao. Naikumbuka vizuri nafasi hiyo, urefu wake na upana wake, kwa sababu mimi huwa napima hata visivyopimika.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni weye nini?"

"Sahihi ni yangu. Mimi ndiye niliyepima."

Papa Furaha aliichukua barua mkononi mwangu. Akaikunja mara mbili, akakaza mikunjo kwa ukucha, akaitia katika mfuko wa shati.

"Basi umenipimia vizuri, Mama Dokta."

Hakusema kwa hasira, na nisingependa mdhani alisema kwa hasira. Nikamwomba akae. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kabla ya kukata kipande cha kwanza: hayo matundu yako wapi?

"Chini. Kila siku chini, pale mufuko inakunjwaka. Miye niliwaambia. Wakanijibu, maabara imesema."

Jumatatu nilifika kazini kabla ya mafundi wa vigae. Nikafungua faili. Vipande kumi, namba kumi, wastani, grafu. Kisha nikajiuliza nilikata vingapi. Kumi na vitatu? Kumi na sita? Nilikumbuka kwamba mifuko ilikuwa midogo, kwamba baadhi ya vipande viligusa ule mkunjo wa chini, na kwamba nilivitupa kama ilivyoagizwa, kwa kuwa vina mkunjo. Lakini vingapi, sikujua. Hapakuwa na mahali popote nilipoandika. Nilikaa kwenye kiti kile cha magurudumu, mtu mzima mwenye miaka tisa kazini, nikiwa nimefanya upya kosa lilelile lililonitoa chuoni, ila safari hii halikuharibu tasnifu yangu.

Mifuko sita ilibaki kwenye rafu ya akiba. Nikaiacha itulie katika joto la chumba kama inavyotakiwa, kisha nikakata kila kipande mkunjo ukiwa katikati kabisa, pale sindano inaposhukia. Hata mlio ulikuwa mwingine. Vipande vizima vilikuwa vikilia tap. Hivi vililia kama karatasi inayochanwa nyuma ya mlango. Tundu halikuwa la mviringo bali mstari mfupi ulionyooka kufuata mkunjo, kama mdomo wa mtu aliyekataa kusema. Nguvu iliyohitajika ilizidi kidogo tu nusu ya ile niliyoiripoti. Nikapima kwa sindano ya kwanza, nikapima kwa ya pili, nikaandika ipi ni ipi kwa wino.

Graham alinisikiliza hadi mwisho. Lazima niseme kwa haki kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga.

"Utaratibu unasema tukatae vipande vyenye mkunjo," akasema. "Umekataa. Wametuuliza habari ya utando, hawakutuuliza habari ya mfuko. Ripoti ni sahihi."

"Ni sahihi, na inamfukuzisha mtu kazi."

"Wao ndio wanaomfukuza. Tukianza kubatilisha ripoti zilizo sahihi, kesho kila mteja atauliza ipi nyingine tuibatilishe."

Mtu wa aina yangu hapaswi kupewa hoja ya namna hiyo na siku tatu za kuitafakari. Nilikuwa nikiishi Campbelltown, na treni ni ndefu. Jioni ya Jumatatu niliandika barua ya kurasa kumi na moja kuhusu kutoaminika kwa vipimo kwa ujumla. Jumanne asubuhi niliandika nyingine inayotetea utaratibu, kisha nikajikuta nakubaliana nayo hadi kituo cha tatu. Ningeweza kuwa nimekosea upya. Labda mifuko sita ya akiba haikuwa mfano mzuri. Huenda samaki hawafiki kwenye mkunjo hata kidogo. Labda, na hili ndilo lililonirudia zaidi, nataka tu kumfurahisha mtu wa kanisani kwangu, na kutaka huko kumeingia katika sindano.

Jioni ya Jumanne Bi Lan alikaa kando yangu kwenye treni kama kawaida, kwa kuwa Cabramatta iko njiani. Akasoma barua ya kurasa kumi na moja. Akasoma ya pili. Akavua miwani.

"Samaki amesoma utaratibu huu?"

Nikapokea barua zangu.

"Mtu wako ana siku ngapi?"

"Kikao ni Alhamisi."

"Basi andika ulichokitupa. Tupa hizi." Akasimama, kituo chake kilikuwa kimefika. "Na mimi pia hutupa bila kuandika," akaongeza akiwa amenipa mgongo, "kwa hiyo usijione wa pekee."

Barua ya tatu ilikuwa ya nusu ukurasa. Nilieleza kwamba katika kupima niliviondoa vipande vyenye mkunjo bila kuviandika. Kwamba kila mfuko unaojazwa samaki una mkunjo. Kwamba penye mkunjo utando huo hautoshi. Na kwamba kwa sababu hiyo ripoti yangu ya kwanza isitumiwe kueleza kilichotokea ghalani. Nikampelekea Graham Jumatano asubuhi. Akaisoma akiwa amesimama.

"Ondoa 'bila kuviandika'," akasema. "Mengine sawa."

"Hayo ndiyo maneno ya kweli kuliko mengine."

"Yanatufanya tuonekane wazembe."

"Yeye ameitwa mzembe kwa karatasi yenye jina langu," nikasema. "Sisi tunaweza kuonekana hivyo kwa nusu ukurasa."

Graham akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu, jambo ambalo sikumwomba, akatoka kwenda kununua kahawa. Aliporudi alikuwa amenunua vikombe vitatu. Sikumsikia tena akizungumzia grafu na rula.

Alhamisi nilikwenda ghalani na vipande vyangu katika bahasha ya kahawia. Meneja alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa koti la baridi hata ofisini. Papa Furaha alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia yake ya sufu magotini. Meneja alikuwa ameisoma barua lakini hakuona inabadilisha nini. Mkunjo, alisema, ni kitu kidogo. Nikamwomba anionyeshe mahali pa kufungashia.

Nisingeelewa kwa kusoma. Mfuko uliingia ukiwa bapa, kipande cha chuma kikaukandamiza mkunjo wake wa chini ili ukae wima, kwa nguvu, kama mtu anayepiga pasi suruali ya harusi. Hapo ndipo samaki alipoteremka akiwa mgumu kama kuni, na mwiba wa pezi lake ukaja kusimama palepale chuma kilipopita. Mfuko ukazibwa kwa joto. Halafu, mwisho kabisa, ukafika mikononi mwa Papa Furaha, aliyeuweka katika katoni.

Nikaomba mifuko ishirini itolewe kabla haijamfikia, na beseni la maji. Jambo hili si la maabara, watu wa matairi ya baiskeli walilijua kabla yetu. Unauzamisha mfuko, unaubonyeza, unatazama. Wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili mzima. Meneja akatazama saa. Nami, nikiwa nimeinama juu ya beseni na mikono imekufa ganzi, nilikuwa nimekwisha kuanza kuitunga barua ya nne. Mfuko wa tano ukatoa uzi wa mapovu, laini kabisa, kutoka chini. Kati ya ishirini, minne ilitoa mapovu, na katika yote minne mapovu yalitokea kwenye mkunjo.

"Mikono yake inaukuta mfuko ukiwa umekwisha kutoboka," nikasema.

Meneja alibonyeza tena mmoja wa ile minne, mwenyewe, bila kuombwa. Akajikausha vidole. "Basi mwambie arudi kazini."

Papa Furaha alikijua Kiingereza vya kutosha kuelewa hilo. Lakini alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayempa karani maneno ya kuandika:

"Mwambie onyo ilikuja na karatasi. Iondoke na karatasi."

Nikafasiri. Meneja akasema ataandikiwa, itatumwa kwa posta.

"Mwambie niko na nafasi. Nitangoja."

Akarudi ofisini, akakaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango, akaweka kofia magotini. Nami nikakaa, ingawa hakuna aliyeniambia. Tulikaa karibu saa nzima. Aliniuliza kama ni kweli nilisomea plastiki chuo kikuu, nikamwambia ni kweli, na sikumaliza. "Basi leo umemaliza," akasema, kisha akafumba macho akasinzia kidogo. Meneja akatoka na karatasi yenye nembo na sahihi: maonyo yote mawili yamefutwa.

Ile bahasha ya kahawia ndiyo ya kwanza katika kabati, Muthoni. Tangu wiki ile, kila kipande tunachokikataa hupewa namba, sababu na bahasha, na kila ripoti husema tumekataa vingapi na kwa nini. Utaratibu unaturuhusu kukataa, nami sijawahi kudai vinginevyo. Kipande kibovu kweli hakifai kupimwa. Ninachodai ni kwamba mkononi mwako huwezi kujua siku hiyohiyo kama umeshika kipande kibovu au umeshika jibu. Graham alilalamikia gharama ya bahasha kwa mwaka mmoja, na miaka iliyofuata akawaonyesha wateja kabati lile kana kwamba alilibuni yeye. Bi Lan alipostaafu aliniachia kikuzio chake. Kimo katika droo ya juu. Namba zangu, tangu hapo, zimetawanyika kama za watu wengine, nami nimezoea. Karatasi za printa zitafutie mahali pengine.

Jumapili mbili zilizopita waliniaga ukumbini. Papa Furaha alikuja, naye amestaafu sasa, magoti hayamtii, na alikuwa amebeba kwapani vipande viwili vya katoni vilivyofungwa pamoja kwa utepe. Akavifungua mezani katikati ya vikombe. Ndani yake ilikuwa ile karatasi ya meneja, imepauka pembeni, nyoofu kama siku ilipotoka kwenye printa. Nilikumbuka jinsi alivyoikunja ile nyingine na kuikaza kwa ukucha. Nikamuuliza mbona amesumbuka kubeba makatoni kwenye treni, wakati hata pasipoti yake nimemwona akiikunja mfukoni.

Alinitazama kama ninavyowatazama ninyi mnapoushika utando katikati.

"Mama Dokta, si weye uliandika? Pale inakunjwaka ndipo inatobokaka."

Kisha akaifunika kwa katoni ya pili, akaanza kufunga utepe, akianzia pembeni.